Salamu Zilizoishia Mlangoni

Ndugu zangu, nisikilizeni, maana jambo hili limo majumbani mwetu na tunalifunika kwa adabu.

Bibi yetu alikuwa mshonaji. Kila asubuhi alisogeza kiti dirishani, akatunga uzi bila miwani, akamtania apitaye: "Suruali hiyo umeivaa, au yenyewe ndiyo imekuvaa?" Nyumba ilikuwa yake na akiba yake ilikuwa benki. Miguu ilipomshinda, binamu yangu tuliyemwita Mpole alihamia kwake kumtunza. Tukamshukuru, tukarudi kwenye shughuli zetu.

Kila nilipopiga simu alipokea Mpole. "Amelala, kaka. Nitamfikishia salamu." Nami ni nani nimwamshe mzee? Mwaka ukapita, na wa pili.

Bibi akafariki. Wosia wake ulinitaja mimi na mama mdogo, muuguzi mstaafu, kuwa wasimamizi wa mirathi. Nyumba apewe Mpole; akiba wagawane wajukuu wote. Tulipokwenda benki hatukukuta akiba. Ilitolewa kwa kadi kila Ijumaa, hata wiki tatu alizolazwa hospitali bila sisi kuambiwa, kijiko hawezi kukiinua.

Mpole alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba alipewa kwa hiari. Mama mdogo akamuuliza kadi ilikaa kwa nani. Akatazama viatu vyake.

Chumba cha uani alipanga fundi viatu. Yeye ndiye aliyetueleza kuwa Mpole alitembea na simu ya Bibi mfukoni, na kwamba alimwambia Bibi sisi tumemchoka.

"Nami niliamini mmemtupa," alisema fundi. "Alikuwa akiniita dirishani. 'Fundi, hivi wajukuu zangu niliwakosea nini?'"

Wazee wa ukoo walitusihi tuyamalize kimya, aibu ya mmoja ni aibu ya wote. Mama mdogo, asiye na maneno mengi, akawajibu kwamba amekabidhiwa wosia wa mama yake, si sifa ya mpwa wake. Tukazuia funguo za nyumba, tukapeleka karatasi za benki mahakamani.

Siku ya shauri Mpole alinikuta kwenye ngazi.

"Mimi nilisema amelala, kaka. Nani alikuzuia kuja kumwamsha?"

Mimi, ambaye ulimi haujawahi kunilala, nilimpita nikapanda ngazi.

Mahakama iliamua nyumba iuzwe na akiba iliyochukuliwa ikatwe kwenye fungu la Mpole, kila mjukuu apate haki yake. Tulishinda. Kesho yake niliingia peke yangu chumbani kwa Bibi kuorodhesha vitu. Kabatini zilikuwepo nguo saba alizozishona kwa mkono, kila moja imebanwa karatasi yenye jina la mjukuu. Yangu ilikuwa shati. Nikalijaribu, likagoma mabegani. Alikuwa amelishona kwa kipimo cha mara ya mwisho aliponiona.

FUNZO

Mwizi wa mzee huanza kwa kumwibia watu wake, pesa hufuata. Ukiambiwa mzee amelala, nenda ukakae hapo mpaka aamke. Nanyi mnaokabidhiwa mirathi, msimfiche mnyang'anyi kwa kuwa ni ndugu. Huko ni kumwibia marehemu mara ya pili. Lakini msijivune kama mimi nilivyotaka kujivuna. Haki niliyompigania Bibi ilimkuta kaburini, na alikwenda huko akiamini nimemkataa.