Hukumu ya Barazani Nyasho

Jofrey alikutwa asubuhi barazani kwake, Nyasho mjini Musoma, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu anayesubiri chai. Mdomo wake ulikuwa umepasuliwa kwa panga, kutoka shavu hadi shavu. Pigo la pili lilikuwa shingoni, na hilo ndilo lililomuua.

Damu ilishuka ngazi, ikazizunguka ndala zake, ikafika kwenye jiko la mkaa la jirani. Kuku walikuwa wameanza kuidonoa.

Inspekta Dafroza Maige aliwafukuza kwa mguu.

"Koplo, fungia hawa kuku."

"Nao ni watuhumiwa, afande?" Koplo Ngusa aliuliza.

"Ngusa."

"Nafungia, afande."

Inspekta alivaa glavu, akainama. Simu ya marehemu ilikuwa mezani. Kompyuta yake ilikuwepo, na noti za sheria zimerundikwa mpaka usawa wa kiwiko. Koti jeusi lilining'inia kwenye msumari. Hakuna kilichochukuliwa.

Jofrey alikuwa na shahada ya sheria. Mwezi uliofuata angefanya mtihani wa kuingia shule ya sheria. Bila mtihani ule hakuna uwakili. Shahada inabaki ukutani, na mwenye shahada anabaki mtaani.

"Mwizi angebeba kompyuta," Dafroza alisema. "Na mtu anayetaka kuua tu angeanza na kichwa. Huyu alianza na mdomo."

"Kwa hiyo marehemu alisema kitu."

"Alisema kitu, na kuna mtu alikisikia."

Jirani aliitwa Mama Flora. Alikuwa akikaanga samaki hapo nje kila siku. Sasa alikaa juu ya ndoo, khanga mdomoni.

"Wewe ndiye uliyemwona kwanza?"

"Mimi. Nimetoka kuwasha moto nikaange furu zangu. Nikamwita, 'Mheshimiwa Hakimu, leo umewahi.' Kimya. Nikasema huyu amesoma mpaka amelala. Nikasogea." Akafunika uso. "Hana mdomo, afande."

"Kwa nini ulimwita Hakimu?"

"Si ndivyo tulikuwaga tunamwita wote hapa! Walikuwaga wanafanya kesi hapo barazani, yeye na wale wasichana wawili wasomi. Mazoezi ya mtihani wao. Anavaa koti, anagonga meza na mwiko wangu. Mwiko wenyewe hajarudisha."

"Jana walifanya?"

"Jioni. Akawafukuza watu kwenye boma lao. Sauti ilifika mpaka kwa muuza mkaa. Tulicheka!"

"Nani mwingine alikuwepo?"

Mkono wa Mama Flora ulikwenda nyuma ya ndoo, ukatoka na galoni la lita tano lililofungwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe.

"Alipita kijana mmoja, mrefu, na hili galoni la mtindi. Alisimama pale kwenye mpapai, anasikiliza. Akaniuliza yule mwenye koti ni nani. Nikamwambia ni hakimu."

"Ukamwambia ni utani?"

"Nilikuwa nageuza samaki, afande. Nani asiyejua ni utani?"

"Akauliza nini tena?"

"Akauliza, akisema mtoke, mnatoka kweli? Nikamwambia, huyu akisema hata polisi wanatetemeka." Akalisogeza galoni kwa Dafroza. "Akaweka galoni chini, akaondoka. Hata kuaga hakuaga."

Koplo Ngusa alilishika galoni kwa mkanda wake, akaliweka pembeni kama kielelezo.

Wasichana wawili walifika wakati mwili unapakiwa kwenda mochwari. Wa mbele alikuwa Stellah, wa Musoma mjini, analia kwa sauti. Wa nyuma alikuwa Robi, mtoto wa Butiama, mwembamba, macho makavu. Robi aliona galoni kabla hajaiona damu.

"Hilo ni letu," alisema. "Nani kalileta?"

Dafroza aliwaketisha mbali na baraza.

"Jana mlikuwa mnazoeza kesi gani?"

Stellah alifuta pua. "Ya ndoa na mirathi. Swali la namna hiyo hutokea. Kila mmoja analeta kesi ya kwao, tunaigawana. Siku ya kwanza upande wa mdai, siku ya pili upande wa utetezi. Jofrey ndiye aliyekuwa hakimu kila mara."

"Jana ilikuwa kesi ya nani?"

"Yangu," Robi alisema.

"Ieleze."

"Bibi Wankyo hakuzaa mtoto wa kiume, afande. Mume wake akafa. Akatoa ng'ombe, akaoa mwanamke amzalie watoto, kama wanavyofanyaga kwetu. Ndiyo wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke huyo ndiye mama yetu. Sisi ni watoto wa Bibi, tuna jina la mume wake. Bibi amefariki mwaka huu. Swali letu lilikuwa, je, ile ni ndoa? Maana Sheria ya Ndoa inasema mwanamume na mwanamke."

"Jofrey alihukumu nini?"

"Kwa upande wa jana alihukumu si ndoa. Watoto si warithi. Boma na mifugo virudi kwa babu Mugeta, mdogo wake marehemu mume wa Bibi. Watoto na mama yao waondoke."

"Mlitumia majina gani?"

Wasichana walitazamana. Chuoni walifundishwa kwamba kwenye mazoezi majina hubadilishwa. Mtoto wa mwaka wa kwanza analijua hilo.

"Ya kweli," Robi alisema taratibu. "Nilisema yakiwa ya kweli yatanikaa kichwani."

"Anayeishi kwenye boma hilo ni nani?"

"Mama. Na kaka yangu, Ryoba." Sasa alilitazama galoni kwa macho mengine. "Afande, aliacha shule darasa la sita achunge, ili mimi nisome. Hana kwingine. Hana kazi nyingine. Lile boma ndilo yeye."

"Mpigie."

Simu ya Ryoba ilikuwa imezimwa. Dafroza akapigia kituo cha Butiama, wakapeleka askari bomani. Jibu lilirudi haraka kuliko alivyopenda. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Kijana alifika asubuhi kwa bodaboda, akanawa mikono kwenye birika la ng'ombe, maji yakawa mekundu, ng'ombe wakakataa kunywa. Akachukua sime. Akamwambia mama yake, "Hakimu nimemmaliza. Bado mdai."

"Mugeta anakaa wapi?" Dafroza aliuliza.

"Bunda," Robi alisema, simu tayari sikioni. "Inaita. Inaita tu. Ana mashine ya kusaga, afande, ikiwaka hasikiagi kitu."

"Anajua kuhusu kesi hii?"

"Hajui lolote! Babu hajawahi kumshtaki mtu hata kwa mtendaji wa kijiji! Mimi ndiye niliyemfanya mdai, kwenye mazoezi!"

"Ingia kwenye gari."

Gari la polisi lilipita Makutano bila kugusa breki. Koplo Ngusa aliendesha huku akiomba kwa Kisukuma. Dafroza alipigia kituo cha Bunda; Robi alipiga simu ya babu yake, akapiga tena, mpaka chaji ikaisha. Walipoingia Bunda walimkuta askari mmoja wa kituo cha pale akiulizia njia kwa wauza vitunguu. Gari lilimpita.

Mashine ilikuwa ikinguruma mtaa mzima. Lakini ilinguruma vibaya, kwa sauti ya juu, kavu, kama inasaga hewa. Wanawake watatu walikuwa wamesimama barabarani na ndoo zao za mahindi, hakuna anayethubutu kuingia.

Ndani kulikuwa kweupe kwa unga. Mzee Mugeta alikuwa chini, mgongo ukutani, amekinga kichwa kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa unaning'inia kwa ngozi tu. Damu na unga vilishikana sakafuni kama uji. Ryoba alisimama juu yake, sime imeinuliwa.

"Sema! Ulishtaki lini? Sema!"

"Nimemshtaki nani mimi, mjukuu wangu?" mzee alilia. "Nimemshtaki nani?"

"Polisi! Tupa chini!" Dafroza alipaza sauti, ikamezwa na mashine.

Ngusa hakusubiri. Alimrukia kijana kwa nyuma. Wakaanguka juu ya magunia, wakaviringika, sime ikapanda ikashuka, ikamwingia koplo begani mpaka ikagonga mfupa. Ngusa alipiga yowe lakini hakuachia. Ryoba akaichomoa, akainua tena.

Dafroza alifyatua risasi. Ilimpata Ryoba kwenye paja. Alikaa chini ghafla, kama mtu aliyeondolewa kiti, akautazama mguu wake, kisha akajaribu kutambaa kumfuata mzee. Robi akaingia mbio, akamlalia juu.

"Kaka! Kaka, acha! Hakuna kesi!"

"Niliisikia," Ryoba alisema, pua yake ikigusa ya Robi. "Na wewe ulikuwa umekaa pale, unaandika."

Mzee Mugeta aliishi. Mkono haukurudi. Koplo Ngusa alishonwa bega, na wakati wa kushonwa akamuuliza muuguzi kama kuna punguzo la bei kwa wanaoshonwa wakiwa kazini.

Ryoba alitolewa risasi, akalazwa, pingu mguuni kwenye chuma cha kitanda. Jioni hiyo daktari aliruhusu ahojiwe. Inspekta alivuta stuli.

"Ryoba, unatuhumiwa kwa kosa la kumuua Jofrey, na kujaribu kumuua Mugeta. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, nitaandika, na maneno yako yanaweza kutumika mahakamani. Una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki hapa."

"Wakili wangu ni yule." Alionyesha kwa kidevu. Robi alikuwa mlangoni.

"Mimi bado si wakili," Robi alisema. "Nikae kama ndugu."

Akakaa.

"Ulifikaje Nyasho jana?"

"Nilimpelekea mdogo wangu mtindi. Nikaambiwa kwenye nyumba anakokaa kwamba yuko kwa Jofrey, wanasoma. Nikaenda. Nikasikia jina la mama yangu, nikasimama."

"Ukasikia nini?"

"Mtu mwenye koti anasema mama yangu si mke wa mtu. Anasema sisi ni watoto wa barabarani. Anasema tutoke, tuache kila kitu. Anagonga meza. Nikauliza, huyu nani? Yule mama akasema hakimu."

"Kwa nini hukumwita Robi ukamuuliza?"

Ryoba alicheka bila furaha.

"Nimuulize nini? Kesi ya kwetu inasikilizwa, yeye amekaa na kalamu, hajanyanyua hata kichwa. Nikajua wamemnunua. Nikalala stendi. Nilikuwa na panga la kukatia majani ya ng'ombe, nililinunua sokoni siku hiyo hiyo. Asubuhi nikamkuta anasoma. Nikamwambia, rudia yale maneno ya jana."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, 'Karibu mahakamani.'" Alivuta shuka mpaka kifuani. "Nikampiga pale pale yalipotoka."

"Kisha?"

"Kisha akanitazama. Hakuweza kupiga kelele. Nikaona siwezi kumwacha hivyo. Nikamaliza."

Dafroza aliandika. Stellah alikuwa amemwambia kwamba kila mgeni aliyefika pale barazani alikaribishwa kwa maneno hayo hayo, hata muuza karanga.

"Ryoba," Robi alisema. "Jana ilikuwa zamu ya mdai."

"Ndiyo nini?"

"Tulikuwaga tunabadilishana. Leo ilikuwa zamu ya utetezi. Leo ningesimama mimi."

Kijana alimgeukia taratibu.

"Ungesema nini?"

"Ningesema Bibi alitoa ng'ombe mbele ya ukoo, watu wakala, wakanywa, na babu Mugeta mwenyewe ndiye aliyepokea wageni mlangoni. Ningesema ukoo uliotupa jina hauwezi kutunyima boma. Jana ile, sikunyanyua kichwa kwa sababu nilikuwa naandika hayo."

"Na yule, angekubali?"

"Jofrey aliyasoma akinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, hoja zako ni nzito kuliko hukumu yangu, kesho nakupa ushindi."

Ryoba aligonga kisogo chake kwenye chuma cha kitanda. Akagonga tena. Mara ya tatu ngozi ilipasuka, na Inspekta akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakikandamiza kwenye mto, damu ikimpita vidoleni, mpaka muuguzi akaja na sindano.

Alipotulia, Dafroza alifuta mikono kwa shuka, akaokota karatasi zilizoanguka.

"Lazima asomewe maelezo yake kabla hajaweka dole gumba," alisema. "Yeye hasomi vizuri."

"Nitamsomea," Robi alisema.

Akasimama. Alishika karatasi mbali kidogo na kifua, mabega nyuma, kama walivyokuwa wakifanya barazani. Akasafisha koo.

"Mimi, Ryoba, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa..."