Mwanya wa Tupa

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Kija wa darasa la sita alijitazama kwenye kioo cha mama yake na kununa. Meno yake ya mbele yalibanana. Pale mtaani Mabatini wasichana wenye mwanya ndio walioitwa warembo, naye, jamani, aliutaka mwanya kwa udi na uvumba.

Jumamosi alimwendea Venant, fundi wa kunoa misumeno, aliyechonga pia meno ya wasichana. Venant aliifuta tupa yake ya kunolea kwenye suruali, akambana Kija kichwa kati ya magoti, akaanza kusugua. Krii! Krii! Tupa ikateleza, ikachana ufizi. Damu ikajaa mdomoni. Kija alipiga mateke, lakini fundi hakumwachia mpaka mwanya ulipopatikana.

Nyumbani Kija alificha mdomo, asimwambie mtu. Siku ya nne shavu lilivimba, jicho likazibika, homa ikapanda. Baba yake, Shigela, mtu wa hasira za karibu, akauliza, "Nani kakupiga?"

Kija aliogopa fimbo. "Luhaga," akasema. Luhaga alikuwa mtoto wa jirani, tena walisoma darasa moja.

Mungu wangu! Shigela hakuuliza la pili. Alimburuta Luhaga kutoka jikoni kwao, akamcharaza mgongoni na miguuni hadi fimbo ikavunjika, akachomoa nyingine uani.

"Sijamgusa! Baba Kija, sijamgusa!"

Kitandani, Kija alisikia kila pigo. Angesema kweli, fimbo ingemgeukia yeye. Lakini kilio cha Luhaga kilipoanza kufifia, moyo ulimshinda. Alijikokota nje, akaishika miguu ya baba yake. "Mwache, baba! Ni tupa ya Venant! Nimedanganya!"

Fimbo ilimdondoka Shigela. Aliwakimbiza watoto wote wawili hospitali. Daktari alipasua ufizi wa Kija, usaha ukabubujika, akang'oa meno mawili. "Mngeniambia kapigwa, tungetibu ngumi, kumbe uchafu wa tupa unapanda kichwani," alisema. "Mngemzika huyu."

Kija alipopona, Shigela alikwenda naye kwa Sabina, mama yake Luhaga.

"Mama Luhaga, nimekosa," alisema, kichwa chini. "Nilipiga kabla ya kuuliza."

"Nisamehe, Luhaga," Kija akasema huku akilia.

"Bado panauma," Luhaga akajibu.

Sabina alimgeuza mwanawe, akapandisha shati. "Tazama, Kija. Uzuri uliutaka wewe, kovu kapata mwenzio. Mwili wako usimpe mtu asiye daktari auchezee. Na ukiumia, sema kilichokuumiza siku hiyo hiyo, hata kama ni aibu. Aibu haiui, mwanangu. Uongo wako ulikaribia kuua wawili."