Maji ya Kupiga Deki

Jumapili, saa tatu kasoro robo asubuhi, Wayua, msafishaji wa kanisa, alitoka mbio nyuma ya kanisa pale Tawa akipiga kelele. Paneli mbili za sola za kisima zilikuwa zimeng'olewa. Kufikia saa sita, Ndolo mwenye punda alikuwa selo.

Aliyemtia huko ni jirani yake Kilonzo, na mwenyewe alijua. Koplo wa polisi alitaka taarifa ya Wayua kwa Kiingereza, na Kilonzo, aliyeachia shule darasa la sita, akajitolea kuandika. Wayua alisema alimwona Ndolo akipita karibu na paneli, halafu akakuta hazipo. Pale penye halafu, Kilonzo akaandika "immediately", yaani papo hapo. Alilisikia redioni, akalipenda.

Wiki ya tatu mama yake Ndolo akafa. Ndolo hakuruhusiwa kumzika. Kutoka kaburini, Kilonzo alienda moja kwa moja kwa Wayua.

"Mwaitu, mama yangu, nisimulie tena. Usiruke kitu."

"Leo ndio una masikio? Siku ile uliandika kama mtu anayengojwa na chakula."

"Nilikosa, mama. Simulia."

"Ndolo alipita saa moja akienda mtoni. Nikafagia. Saa mbili jua likashika, nikachota maji, nikapiga deki."

"Ulichota wapi?"

"Kwa mfereji wa kisima. Tangi si lilipasuka Agosti? Bila jua hupati hata tone."

Kilonzo akahesabu saa kwa vidole. Saa mbili pampu ilikuwa ikivuta maji. Paneli zilikuwepo, na Ndolo alishapita saa nzima.

"Baada ya deki?"

"Nikaenda kusuuza tambara. Mfereji mkavu, paneli hakuna."

"Nani mwingine alikuwa hapo?"

"Shemasi Gedion tu. Alileta viti kwa pikapu, akaniambia nisitoke kabla ya kupiga deki mpaka chini ya mimbari."

Siku ile Gedion aliwaambia polisi kwamba alifika saa nne, ibada ikianza.

Kilonzo na koplo walimkuta kwenye kitalu chake cha michungwa. Ukame wote ule, miche yake ilikuwa kijani. Paneli zililala nyuma ya banda, zikiendesha pampu yake.

"Shemasi, ulifika kanisani saa ngapi?"

"Saa nne. Nilishasema."

"Na Wayua akipiga deki, nani alimwambia asitoke?"

Gedion alitazama paneli, akakaa juu ya ndoo. "Miche elfu mbili ilikuwa inakufa. Ningezirudisha mvua ikinyesha. Halafu taarifa yako ikamtaja Ndolo, nikanyamaza."

"Na Jumamosi ukaomba kwa kaburi la mama yake."

"Niliomba."

Ndolo aliachiliwa Ijumaa. Kilonzo alimngoja langoni, akamweleza juu ya lile neno bila kujitetea. Ndolo hakumpa mkono.

"Mama alikufaje?"

"Asubuhi alikataa uji. Saa tano akauliza kama punda wamekunywa maji. Saa kumi akakuita. Tukamwambia uko njiani."

"Halafu?"

Kilonzo alivua kofia.

"Halafu akangoja masaa matatu, akitazama mlango."