Maji ya Kuloweka Mwani

Asubuhi ya soko kuu, umati ulimsukuma kijana mwenye koti jeupe akauangukia mfuko wa mwani mweusi mkavu, nusu yake ikamwagika.

"Ukimwaga, umenunua," muuza mwani alimwambia, akinyoosha gauni lake la kijani.

"Nilikuja kununua, dada. Ila nilikusudia gramu mia tu."

"Gramu mia? Unafuga kifaranga?"

"Ninalisha mashine."

Alikuwa mpimaji wa maabara ya chakula. Mashine yake ilitenganisha aina za aseniki zilizomo katika mwani: ipo iliyofungamana na sukari, isiyo na madhara makubwa, na ipo iliyo tupu, ambayo ni sumu hasa. Kila juma alirudi, akaandika lebo za mifuko ya sampuli, akapiga soga, hata sampuli zilipokwisha kutosha. Muuza mwani naye alianza kujipaka manukato siku hizo, akidai kwamba yanafukuza nzi.

Mwezi wa tatu, simu ya muuza mwani ililia; alikuwa mpimaji.

"Malkia wangu, ondoa mwani mweusi kwenye meza yako ya sokoni. Ile aseniki tupu imezidi mno."

"Mama yangu ameuuza na kuula miaka thelathini. Amekufa?"

"Sikusema hivyo, mpenzi."

"Umesema meza ya mama yangu ina sumu. Usinipigie tena."

Hakupiga. Siku ya nne, muuza mwani aliporudi nyumbani mchana, alimkuta mpimaji jikoni kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda, daftari gotini.

"Mwenzako amekuja kuniuliza ninavyopika," mama yake alisema. "Wewe hujapata kuniuliza. Ninauloweka, ninamwaga maji, kisha ninauchemsha kwa maji mapya. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Kuloweka huko ndiko kulikomwokoa mama," mpimaji alisema kwa upole. "Nimeupima uliolowekwa. Sehemu kubwa ya sumu imehamia katika yale maji."

Muuza mwani alishika ukingo wa meza. "Mimi huyanywa."

"Huwa unakunywa nini?"

"Yale maji, mama. Kila asubuhi, kikombe kizima, kabla hujayamwaga. Nilidhani unatupa nguvu za bure."

Mpimaji alikwisha kusimama. "Vaa viatu, mpenzi. Twende hospitali."

Daktari alipima mkojo, akatikisa kichwa, akasema kwamba amewahi. Mwaka mmoja zaidi, yangekuwa mengine. Vipimo vilishuka juma baada ya juma, na kila mara mpimaji alisubiri naye kwenye benchi. Mwani mweusi ukaondolewa mezani, ukabaki wa kijani na mwekundu.

Siku alipoambiwa amepona, muuza mwani alimkabidhi mpimaji mfuko mdogo wenye lebo, kama zile zake.

"Nilikutukana, nawe ukaniponya. Sina shukrani ya kutosha. Soma."

*Aina: kijani. Mpokeaji: mume wangu, akiridhia.*

Mpimaji aliisoma mara mbili, kama asomavyo matokeo yake yote.

"Nani amehakiki?"

"Mama."

Akatoa kalamu mfukoni, akatia sahihi.