Konokono Chini ya Pedeli

Ortensio Bragadin aliigonga ile fremu ya baiskeli mara moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kusikia kama bomba lina ufa. Ikalia vizuri, sauti nyembamba na safi. Akaiweka mezani. Kisha ikalia tena, na hakuna aliyeigonga.

"Umesikia?" akauliza Palmira Scapin, bibi wa miaka sabini na ushei aliyeileta imefungwa kwenye shuka.

"Nimesikia chuma kibovu," akasema Ortensio.

Huo ulikuwa uongo, tena wa kukusudia, si wa kutojua. Katika mji ule, kati ya Treviso na mto Piave, hakuna aliyezijua fremu za zamani kumshinda, wala aliyewadharau wenye fremu kumshinda. Wajane walimletea baiskeli za marehemu waume zao, naye akawapokea kama watu waliomletea panya. Kipaji kama kile kumwangukia mtu kama yule ni hasara tupu.

Akaingiza kipimo pale nguzo ya siti inapozama. Milimita ishirini na saba nukta mbili. Hata mlevi wa baa ya jirani anajua maana yake: bomba lenye ukuta mwembamba, fremu ya mashindano. Ortensio akasoma kwa sauti, "Ishirini na sita nukta nne. Hii ilikuwa ya mpeleka mikate, signora."

"Aliyeiunda ni baba yangu, na hakumtengenezea mpeleka mikate hata siku moja."

"Na jina lake liko wapi?"

"Wenye maduka walikuwa wanamletea kazi, halafu wanabandika majina yao. Hii aliibakiza nyumbani." Bibi akaipindua fremu. Chini kabisa, pale pedeli zinapopita, palikuwa na konokono mdogo kama punje ya dengu, amechongwa kwa tupa. "Alama yake hii. Wao wanauza mbio, yeye anawawekea konokono tumboni. Hakuna aliyewahi kuinama akaona. Aliwacheka mpaka siku ya kufa."

"Kila bibi wa hapa, baba yake aliwatengenezea mabingwa. Sijui nani alikuwa analima. Euro sitini, na hapo nimelipia shuka."

Paa la Palmira lilikuwa linavuja, kwa hiyo alizipokea. Alipofika mlangoni akageuka. "Hapo chini usipitishe tupa, bwana Bragadin. Baba alikuwa mtu wa kisirani."

"Marehemu hawana kisirani, signora. Wana warithi wavivu tu."

Jumamosi angekuja tajiri mmoja wa Munich, na matajiri hulipia majina. Jina la Scapin lisingemtoa hata senti. Basi Jumatatu ileile, bibi alipoondoka tu, Ortensio alimfuta konokono kwa tupa, akagongelea kwa nyundo herufi za karakana moja kubwa ya zamani. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye alivipenda vinavyoelea, aliyeunda hakumhusu.

Alipomaliza alisikia harufu ya kafuri. Waendesha baiskeli wa kule hujipaka mafuta yake miguuni kabla ya mbio, ndiyo maana hakushtuka. Sisi tunaomwekea kafuri maiti tungekuwa tumeshakimbia.

Saa saba mchana mkewe, Ilda, alipakua ugali wa mahindi na dagaa wa siki. Karakana ilikuwa chini ya jiko. Walipokuwa wanakula ikapanda sauti ya tupa juu ya chuma, krr, krr, bila haraka.

"Umemwacha nani huko chini?" Ilda akanong'ona.

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu anafanya kazi kukushinda."

Ortensio akashuka. Tupa ilikuwa mezani, ya moto. Herufi zake hazikuwepo, na konokono alikuwa amerudi mahali pake, akiwa na pembe zake mbili. Akatukana, akamfuta tena, akatoka nje kuvuta sigara. Juu ya mlango, kwenye kibao cha bati kilichoandikwa BRAGADIN, ile B ya mwanzo ilikuwa imetoweka. Haikuchubuka wala kubanduka. Ilikuwa imelainishwa kama kazi ya fundi hodari.

Mtu mwenye akili angeirudisha fremu jioni ile. Huyu alimfuta konokono Jumanne mara nne, akamfuta Jumatano asubuhi, mchana na jioni, na kila alipomfuta konokono alirudi na herufi nyingine ikaondoka. Kufika Alhamisi kibao kilikuwa bati tupu, na kitambulisho mfukoni mwake kilikuwa na picha bila jina, na mwenye baa aliyemuuzia mvinyo miaka ishirini alimuuliza kama ni mgeni wa hapa, na ile krr, krr sasa haikungoja saa ya chakula, ilimfuata ngazini, ilimfuata bafuni, mpaka akaanza kuisikia ndani ya meno yake mwenyewe, na harufu ya kafuri ikatoka kwenye mto wake, na kwenye mkate, na kwenye viganja vyake hata baada ya kuvisugua kwa sabuni mpaka vikatoka damu. Aliogopa sasa. Dharau yote ilimwisha kama maji kwenye pakacha.

"Ilda," akauliza kwa sauti ya chini, "mimi naitwa nani?"

Ilda akacheka. "Miaka thelathini na moja nimekuita majina mengi, na yote ulistahili. Lile la kwanza tu ndilo..." Midomo yake ikajaribu, ikashindwa, na kicheko kikamkauka usoni.

Padri Fiorenzo aliitwa. Kila Mei alibariki baiskeli za mji mzima mbele ya kanisa, na alikuja na chupa ya maji ya baraka na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi.

"Nimebariki baiskeli elfu, hakuna iliyonijibu," akasema. "Punguza mvinyo, mwanangu." Kisha harufu ikamfikia, akaacha mzaha. Aliinamia fremu, akamtazama konokono kwa muda, akarudi nyuma hatua mbili. "Sema jina lako mbele ya Mungu, kisha ulikane hilo lililokushika."

Mwanamume yule akafungua kinywa. Kikatoka krr, krr, na unga wa chuma ukamwangukia kifuani.

"Rudisha kitu cha watu," padri akanong'ona. "Leo. Mimi hili siliwezi." Akaondoka bila kuchukua chupa yake.

Mume wa Ilda akaibeba fremu begani. Ngazini alikutana na Ilda, amevaa aproni, anafuta mikono.

"Karakana imefungwa, bwana."

"Ilda, ni mimi. Mumeo."

Alimkagua kuanzia viatu mpaka nywele, bila hasira. "Mimi sijaolewa," akasema, kama anayemtajia mtu saa. Akafunga mlango, na ufunguo ukasikika ukizunguka mara mbili.

Jua la Agosti lilikuwa limeufukuza mji wote ndani. Alitembea barabara nzima peke yake, na kwenye vioo vya maduka aliona fremu inapita, aliyeibeba hakumwona. Alipofika kwa Palmira alipiga magoti kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Signora, nichukulie hii. Sitaki pesa. Mwambie baba yako aniachie."

"Wewe nani?"

Akamnyooshea kitambulisho chake chenye picha bila jina.

Palmira aliipokea fremu kwanza, akaipindua, akampapasa konokono kwa kidole gumba, akatabasamu. Kisha akamgeukia mgeni, akamzunguka polepole, namna wanavyozungukwa wanyama wa mnadani. Nyuma yake akasimama. Akashusha ukosi wa shati kwa kidole kimoja, akainama kuangalia chini ya shingo, na pumzi yake ilikuwa baridi pale ngozi ilipokuwa inawasha tangu asubuhi, penye alama ndogo kama punje ya dengu.

"Aa," akasema. "Kumbe wewe ni wa baba."

"Hapana," mtu yule akanong'ona. "Mimi ni... mimi ni..."

"Unyanyuke, basi. Kazi za baba hatuziachi mlangoni." Akafungua mlango wa ghala lililo chini ya nyumba. Huko chini mtu alikuwa anapiga tupa, na aliposikia hatua za ngazini akaacha, akangoja.