Dakika Ishirini na Tano za Waya

Vuta kiti ukae, na usinikatishe. Hii ukiisikia nusunusu haitakutoka kichwani.

Kulikuwa na dada mmoja, fundi wa kudarizi beji za shule. Jioni moja alikimbilia duka la ng'ambo ya barabara kununua nyuzi nyekundu, akarudi mbio, akaitupa pakiti mezani na kujibwaga mbele ya kompyuta ya marehemu mdogo wake, akinong'ona peke yake. Mgongo ukalia ka! Macho kama yamemwagiwa mchanga. Kachoka, si utani.

Kijiko kikaanguka jikoni.

"Unaongea na nani humo?" mama yake akauliza.

"Na kazi, mama."

"Kazi! Mdogo wako naye kompyuta ilikuwa mke wa pili, na wa kwanza hakuwa naye!" Akacheka mwenyewe, akakohoa mara mbili.

Huyo mdogo walimwita Waya. Kichwa kwelikweli. Kompyuta yake ilikuwa ya mfumo wa Linux, si ule wa kawaida, na programu ya kudarizi inagoma humo. Basi akamtengenezea dada yake kompyuta nyingine ndani ya ile ile, ya kuigiza, inafunguka kama dirisha kwenye skrini. Ina saa yake, mafaili yake, kila kitu. Na unaweza kuipiga picha ikiwa inafanya kazi, si ya kamera, ila nakala ya hali yake yote. Ukiharibu kitu, unairudisha kwenye picha: inaamka palepale ilipokuwa, na haikumbuki chochote cha baadaye.

Picha ya mwisho Waya aliipiga siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro kumi jioni. Saa kumi na mbili na robo wakamkuta kalalia kibodi. Moyo.

Wiki tatu baadaye dada akairudisha ile picha. Alitaka programu yake tu. Ukurasa wa kuandikia ulikuwa wazi. Hajagusa kitu... herufi zikaanza kujiandika.

*Dada, nyuzi umepata?*

Siku ya kwanza alipiga kelele. Siku ya pili akajibu. Wakapiga stori, wakataniana kama zamani. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi, kwa saa ya humo ndani, Waya akaandika: *Kifua kinanibana.*

Dada akairudisha picha chapuchapu. Waya akaamka mzima. *Dada, nyuzi umepata?*

Ndiyo ikawa kazi yake. Siku kumi na moja. Kila dakika ishirini, anamrudisha. Usiku na mchana, kengele ya simu imelala kifuani. Aliwahi kuisimamisha ile kompyuta ya ndani ili asinzie kidogo. Akasikia mtu anahema ukutani, kama anayezama. Hakurudia tena.

Basi jioni hiyo akaichana pakiti, akatia uzi mwekundu kwenye cherehani. Akaegemea kidogo tu. Kidogo tu...

Akashtuka. Saa ya ndani: kumi na mbili na dakika kumi na nne!

*Dada, umechoka.*

Akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kurudisha.

*Na mimi nimechoka. Hii ni mara ya ngapi?*

Hakupaswa kukumbuka. Picha haikumbuki!

"Usiseme hivyo," dada akanong'ona. "Subiri, mdogo wangu. Subiri."

*Niache nipite.*

Akabonyeza kurudisha.

Skrini ikafumba na kufumbua. Chumba kikanuka risasi ya kuchomelea waya, ile harufu ya nguo za Waya.

Kijiko kikaanguka jikoni.

"Unaongea na nani humo?"

Dada hakujibu.

"Kazi! Mdogo wako naye kompyuta ilikuwa mke wa pili, na wa kwanza hakuwa naye!" Kicheko kilekile. Kikohozi, mara mbili.

Akatazama mezani. Pakiti ya nyuzi ilikuwa imefungwa.

Haijachanwa.

Akafungua orodha ya picha. Siku zote ilikuwa moja. Sasa zilikuwa mbili. Ya pili ilipigwa leo, saa kumi na mbili kasoro kumi. Jina lake: *Kichuguu*. Duniani ni Waya peke yake aliyemwita dada hivyo, kwa ufupi wake.

Yeye hakuipiga.

*Dada, nyuzi umepata?*

Kitufe cha kuzima kiko pale. Akikibonyeza, anamzika mdogo wake mara ya pili, na huenda azimike naye, maana yeye mwenyewe yumo kwenye orodha ileile. Akikiacha, kijiko kitaanguka tena.

Kidole kiko juu ya kitufe. Ungekuwa wewe, ungebonyeza?