Mlango Hutangulia

Siku waliyokutana, viti viliruka. Wauza kompyuta wawili wa Elephant Road, Dhaka, walikuwa wakigombania mteja, na Nilufa, msichana wa suruali pana ya shalwar ya kijani na ulimi mkali, akamvuta ukosi Shaon, kijana aliyekuwa akipita, kabla spika haijampasua kichwa.

"Wewe hujui kuinama?"

"Ningeinama ningekuonaje?"

Wakapendana hapo hapo, damu ikimtoka Shaon puani kwa kiti kilichokwisha kumpata. Wengine hupeana pete. Hawa waliandika mfumo wa kuendeshea kompyuta. Shaon aliandika kiwasho kwa lugha ya asembli, kinachoamsha mashine na kurukia kwenye kiini, moyo wa mfumo, pamoja na faili dogo la mlango wa kukiita kiini hicho. Nilufa aliandika kiini chenyewe kwa lugha ya C.

Mizan, kaka yake Nilufa, alipojua mapenzi yao alimvunja Shaon mkono kwa gongo la kriketi. Nilufa akamrukia kaka mtu, akamng'ata sikio mpaka likachanika. Baba yao aliwaachanisha kwa fimbo, akihema kwa hasira.

"Ijumaa mkiwashe hicho kidude chenu hapa. Kikiwaka, nitasikiliza posa. Kisipowaka, kijana, usikanyage tena kwangu."

Ijumaa Shaon, mkono kwenye plasta, akaunganisha sehemu mbili kwa mara ya kwanza. Kioo kikameta, kikazima, kikaanza upya. Kikazima tena.

"Hata mashine imewakataa!" Mizan akacheka.

"Kiini cha Nilufa ndicho kibovu," Shaon akaropoka kwa aibu.

Nilufa alimzaba kibao kilichosikika mpaka jikoni. Shaon akatoka. Alikuwa ngazini simu ilipolia. Ni Nilufa.

"We mjinga, ulipounganisha, faili gani uliweka mbele?"

"Lako."

"Kwa nini?"

"Mimi nikutangulie wewe, shona, dhahabu yangu? Siwezi."

Nilufa akacheka huku analia. "Kiwasho huruka kipofu! Kinamkanyaga yeyote aliye mbele. Lile faili lako dogo la mlango ndilo litangulie, ndilo liniite mimi. Rudi!"

Mlangoni Mizan alikuwa ameinua gongo.

"Mguse," Nilufa akasema, "na sikio la pili nalila."

Gongo likashuka. Shaon akaunganisha upya, mlango mbele, kiini nyuma. Kioo kikawa cheusi kitambo, kisha herufi nyeupe zikatokea: NIPO.

Baba akavaa miwani. "Nani huyo anayesema yupo?"

"Mimi, Abba. Na aliyeniita ni huyu."

Mzee aliutazama ule mkono uliovunjika, akamtazama mwanawe wa kiume. Mizan akatumwa kununua mishti, vitamu vya posa, sikio lake likiwa bado na bandeji.